Roboti za kufagia zenye akili zake: ya kugonga, ya leza au ya kamera?

Roboti ya kufagia ikishakaa nyumbani mwezi mmoja, watu huanza kuisema kama mtu. Imenuna. Inadeka. Leo haitaki chumba cha watoto. Imeamka saa nane usiku bila kuitwa, ikaenda kugonga mlango. Wanaosema hivyo hawajapotoka. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara moja vikisogeasogea, na karibu wote walioitazama walieleza ugomvi, woga na mapenzi. Kama pembetatu iliyochorwa inaonekana mgomvi, kifaa chenye magurudumu kinachojipeleka chenyewe kwenye chaji kitakosaje kuonekana na tabia?

Tabia hizo zina sababu, na sababu hutofautiana kwa aina ya roboti. Karibu kila kituko kinatokea pale ambapo roboti inaona kitu kimoja na wewe unaona kingine: wewe unaona zulia jeusi, yenyewe inaona shimo. Kwa hiyo anayeshindwa kuchagua asiulize tu ipi inasafisha zaidi. Aulize pia vituko vya ipi ataviweza katika nyumba yake, kwa sakafu yake na mwanga wake.

Hapa tunalinganisha aina tatu: roboti ya kugonga, ambayo haina ramani, roboti ya leza, inayochora ramani kwa miale, na roboti ya kamera yenye akili mnemba, inayotambua vitu. Modeli nyingi za siku hizi huchanganya leza na kamera. Ukiwa unaitazama mojawapo ya hizo, vituko vya sehemu zote mbili vinakuhusu.

Vigezo

Cha kwanza ni namna roboti inavyoijua nyumba. Cha pili ni vituko vyake, mahali vinapotoka na dawa yake. Cha tatu ni nani anashika hatamu: wewe, programu ya simu, au seva, yaani kompyuta ya kampuni, iliyo mbali. Cha nne ndicho kinacholeta mabishano sebuleni: kama siku moja ingepata akili zake kweli, ina vifaa gani vya kuanzia? Kumbukumbu? Macho? Masikio? Mwisho, inamfaa nani.

Kabla ya kuilaumu yoyote, fanya jaribio hili. Iache roboti ifanye kazi mara tatu mahali inapoleta kituko, kisha mara tatu katika chumba kingine chenye sakafu tupu na taa zimewaka. Kituko kikibaki mahali pale pale, tatizo ni sakafu, mwanga au kioo. Kikiifuata roboti kila uipelekapo, ni kihisi kichafu au kipande kilichokwama. Kikitokea kwa saa fulani tu, kagua ratiba, chaji na jua la dirishani. Kikianza ghafla ilhali nyumbani hakuna kilichobadilika, fungua programu ya simu uangalie kama imepokea sasisho. Jaribio hili linamaliza kesi nyingi kabla bisibisi haijatoka kabatini.

Roboti ya kugonga

Inavyoijua nyumba. Haiijui. Aina hii ilianza kuingia majumbani kwa wingi baada ya iRobot kutoa Roomba mwaka 2002. Mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, Rodney Brooks, alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1986 akiwa chuo cha MIT nchini Marekani kwamba roboti inaweza kufanya kazi kwa tabaka za maagizo mafupi, bila kubeba picha ya dunia ndani yake. Ukigonga, rudi nyuma ugeuke. Ukipata ukuta, ufuate. Ukihisi shimo, simama. Agizo moja likipata sababu hulinyamazisha jingine, na kwa anayetazama kutoka kwenye kochi, mchanganyiko huo unaonekana kama uamuzi.

Nyuma ya bampa kuna swichi mbili, ya kushoto na ya kulia. Chini ya tumbo kuna vihisi vya ukingo, mara nyingi vinne au sita. Kila kimoja hutuma mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, sakafuni na kusubiri urudi. Usiporudi, roboti huamini kwamba mbele kuna ngazi.

Vituko na dawa. Kinacholalamikiwa sana ni kugomea zulia jeusi. Rangi nyeusi humeza infraredi, mwanga haurudi, na roboti husimama ukingoni mwa zulia kana kwamba imefika kwenye shimo. Usiipige teke, imefanya ilichoundwa kufanya. Kama nyumba haina ngazi wala sakafu inayoshuka, kata vipande vya karatasi nyeupe vikubwa kidogo kuliko vidirisha vya vihisi, uvibandike juu yake kwa selotepu. Ukishafanya hivyo roboti haitaogopa shimo lolote, kwa hiyo kwenye nyumba ya ghorofa njia hii ni marufuku: itaanguka.

Kingine ni kuzunguka pale pale kama imepagawa. Hapo mara nyingi upande mmoja wa bampa umekwama kwa mchanga au kipande cha plastiki, na roboti inaamini imegonga kitu upande huo bila kukoma. Bonyeza bampa kushoto na kulia mara kadhaa, usikie kama pande zote mbili zinarudi kwa mlio ule ule. Upande usiolia ndio wenye tatizo. Puliza uchafu kwenye mwanya, au pitisha kadi nyembamba kati ya bampa na mwili.

Halafu kuna roboti inayotembea hatua chache, inasimama, inalalamika kwamba imekwama wakati haijakwama. Ipindue utazame kigurudumu cha mbele. Kwenye modeli nyingi kimepakwa nusu nyeusi na nusu nyeupe, na juu yake kuna kihisi kidogo kinachohesabu mapigo ya weusi na weupe. Mapigo yakikatika wakati magurudumu makubwa yanazunguka, roboti huhitimisha kwamba inateleza mahali pamoja. Kigurudumu hicho huchomoka kwa kukivuta tu. Toa ekseli yake, na utakuta nywele zimejisokota ncha zote mbili, ngumu kama uzi uliosukwa. Zikate, futa tundu kwa kitambaa kikavu, rudisha. Kazi ya dakika tano, na ugonjwa wa kununa unaisha.

Kituko kimoja hakina dawa: itapita sehemu moja mara sita na kuacha kona nyingine siku nzima. Huo ndio mpango wake. Inategemea kwamba ikitangatanga muda wa kutosha, nyumba yote itaguswa. Katika vyumba vidogo inakuwa kweli. Katika ukumbi mkubwa wenye fanicha nyingi, betri huisha kwanza.

Hatamu. Ni zako. Nyingi huendeshwa kwa kitufe au rimoti, na nyingine hazina kabisa njia ya kuunganishwa na intaneti. Hakuna sasisho la usiku wala seva ya kuzimwa.

Ikipata akili zake. Ingekuwa na kazi ngumu, kwa sababu haina mahali pa kuweka kinyongo. Ikishazimwa haikumbuki umbo la chumba wala mara ilizogonga mguu wa meza. Lakini usidharau ilichonacho. Mwanasayansi wa ubongo Valentino Braitenberg, mwaka 1984, alieleza vigari vya kufikirika vyenye vihisi viwili vya mwanga na mota mbili. Kila kihisi kikiunganishwa na mota ya upande wake, kigari hukimbia taa, na watazamaji husema kinaogopa. Nyaya zikipishana, hukimbilia taa kwa kasi inayoongezeka, na watazamaji husema kina hasira. Woga na hasira kwa nyaya mbili. Roboti ya kugonga ina nyaya nyingi kuliko hizo, na drama yake yote inatoka hapo.

Inamfaa nani. Mwenye vyumba vichache, vidogo, sakafu ya rangi nyepesi, asiyetaka akaunti wala nywila kwa ajili ya ufagio, na asiyeumia moyo kuiona ikipita njia za ajabu.

Roboti ya leza

Inavyoijua nyumba. Juu ya mgongo ina kinara kinachozunguka mara kadhaa kwa sekunde, kikitupa mwale wa leza na kupima umbali wa kila kinachourudisha. Vipimo hivyo vinakuwa ramani, na kila mzunguko mpya hulinganishwa na ramani ili roboti ijue ilipo. Kampuni ya Neato ndiyo iliyoleta mbinu hii kwenye roboti za nyumbani mwaka 2010. Tangu hapo roboti ikaanza kwenda kwa mistari iliyonyooka, chumba baada ya chumba, na kurudi kwenye kituo cha chaji kwa njia fupi.

Leza haihitaji taa. Inafanya kazi gizani kama mchana. Lakini inaona kimo kimoja tu, kile cha kinara, karibu sentimita nane hadi kumi kutoka sakafuni. Kilicho chini ya hapo, kama waya, soksi au kitako cha kiti, hakimo kwenye ramani.

Vituko na dawa. Tuanze na kioo, kwa sababu hiki ndicho kinachowatia watu hofu wakifungua simu. Kioo kirefu kinachofika sakafuni huurudisha mwale kama vile nyuma yake kuna nafasi, na roboti huchora chumba ambacho hakipo: sebule ya pili, imepinduliwa, nyuma ya ukuta. Kisha hutumia dakika nzima ikijaribu kuingia humo. Tatizo ni la zamani kuliko leza yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanasayansi wa ubongo W. Grey Walter aliunda mjini Bristol roboti mbili zenye umbo la kobe, Elmer na Elsie, zilizofuata mwanga na kujirudisha kwenye kibanda cha chaji. Mbele ya kioo zilianza kuchezacheza, kwa kuwa ziliiona taa yao wenyewe, zikaifuata, ikazimika, zikaanza tena. Ubongo wa kila moja ulikuwa vali mbili, zile taa za kioo za redio za zamani.

Dawa ya kioo ni hii. Bandika ukanda wa karatasi isiyong'aa wenye upana wa sentimita tano chini ya kioo, katikati yake ikiwa sawa na kimo cha kinara. Futa ramani. Chora upya. Ramani ikikamilika bila chumba cha uongo, weka mstari wa marufuku sentimita kumi mbele ya kioo kwenye programu ya simu, kisha unaweza kuutoa ukanda. Miguu ya meza ya chuma kinachong'aa au nyeusi ya vanishi nayo huupotosha mwale, na roboti huigonga kama haipo; utepe mwepesi usiong'aa kwenye kimo kile kile unatosha.

Kuzinduka usiku. Watu wengi wanaoamini roboti yao imeanza kuwa na nia yake wameanzia hapa, na maelezo yake karibu yote ni ya kawaida. Chaji iliisha jioni kabla kazi haijakamilika, ikarudi kituoni, ikajaza betri kwa saa kadhaa, ikatoka kumalizia. Au saa za eneo kwenye programu ya simu zimewekwa za nchi nyingine. Au umeme ulikatika na uliporudi roboti ikajiwasha. Tafuta mpangilio wa saa za kimya, uweke kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, kisha hakikisha saa za eneo ni sahihi. Kama bado inaamka, zima kuendelea baada ya chaji.

Kupotea baada ya kubebwa. Wanaounda roboti wana jina la hali hii, tatizo la roboti iliyotekwa: inafumbua macho mahali pasipolingana na mahali ilipoamini ipo. Ukiibeba kutoka jikoni ukaiweka chumbani, itazunguka ikitafuta, na isipojitambua itaanza kuchora ramani mpya juu ya ile ya zamani. Irudishe pale pale ulipoitoa, au kituoni, kabla ya kubonyeza chochote. Kituo chenyewe usikihamishe. Kiweke kikigusa ukuta, kwenye sakafu ngumu, na nafasi wazi ya nusu mita kila upande na mita moja na nusu mbele, mbali na jua la moja kwa moja, kwa sababu mwanga mkali huvuruga ishara ya infraredi inayoielekeza nyumbani. Roboti inayopita mbele ya kituo mara tano bila kuingia haina kiburi. Imepigwa na jua machoni.

Kuchora ramani mara ya kwanza kunahitaji utulivu. Fungua milango yote, inua viti, ondoa nyaya, na watu wakae chumba kingine. Miguu yako ikiwa sebuleni itaandikwa kama nguzo mbili, na roboti itaizunguka nafasi hiyo hata ukiwa umeshaondoka.

Pima pia kochi kabla ya kununua. Kwa sababu ya kinara, roboti nyingi za leza zina kimo cha karibu sentimita tisa na nusu hadi kumi. Nafasi chini ya kochi iwe kubwa kuliko hapo kwa sentimita moja na nusu, au iwe ndogo kabisa. Nafasi inayokaribiana na kimo chake ndiyo mbaya, maana huingia kwa kulazimisha na kubanwa.

Hatamu. Hapa unaanza kugawana. Ramani na ratiba hupitia programu ya simu, na mara nyingi seva za mtengenezaji. Neato yenyewe ilifunga shughuli mwaka 2023, kwa hiyo swali la seva zikizimwa ni la kweli: roboti yako itabaki na nini? Aghalabu kitufe cha kuanzia na cha kurudi nyumbani. Kabla ya kununua, soma kama inaweza kufanya kazi kwa mtandao wa nyumbani peke yake. Wenye ujuzi wa kompyuta wana Valetudo, programu huria inayoitenga roboti na seva za nje, lakini inakubali modeli fulani tu, na kwa baadhi utalazimika kufungua kifaa.

Ikipata akili zake. Hii ina kumbukumbu, na kumbukumbu ni mtaji. Inajua nyumba ina vyumba vingapi, mlango upi hufungwa mchana, kochi limesogezwa lini. Lakini haikujui wewe. Kwake wewe ni silinda mbili zinazotembea. Ingetaka kulipiza kisasi, ingekuwa na ramani nzuri sana ya mahali pa kwenda na isingejua nani amefanya nini.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba kubwa au vyumba vingi, anayependa kazi ifanyike gizani au watu wakiwa hawapo, aliye tayari kuinua nyaya na soksi kila siku, na asiyetaka kamera sakafuni.

Roboti ya kamera yenye akili mnemba

Inavyoijua nyumba. Kuna kamera za kazi mbili, na matangazo huzichanganya. Ya kwanza hutazama juu, ikishika kona za dari, fremu na taa kama alama za njia. Roomba 980 ya mwaka 2015 ilitumia mbinu hii. Ya pili hutazama mbele na kupeleka picha kwenye mtandao wa neva, yaani programu iliyofundishwa kiwandani kwa picha nyingi, unaotaja kilichoonekana: kiatu, waya, bakuli, kinyesi cha mnyama. Uliza modeli unayoitaka ina ipi kati ya hizo.

Kwa kawaida mtandao huo haujifunzi nyumbani kwako. Ulifundishwa kwa picha za nyumba nyingine, ukafungwa, ukapakiwa. Kinachobadilika kwako ni ramani na majina ya vyumba.

Vituko na dawa. Kamera ya juu inahitaji mwanga na alama. Taa zikizimwa katikati ya kazi, roboti hupoteza njia na kuanza kutangatanga. Dari nyeupe tupu na kuta zisizo na kitu huipa shida ile ile mchana. Acha taa moja kila chumba hadi imalize, na ratiba yake iwe ya mchana.

Kamera ya mbele ina woga wake. Kila kinachoonekana hupewa alama ya uhakika, na mtengenezaji ameweka kizingiti: alama ikizidi hapo, kwepa. Kizingiti kikiwa chini, roboti hukwepa kila kivuli. Kikiwa juu, huvamia nyaya. Woga na ushujaa wake vyote vinatoka kwenye namba hiyo moja tu. Ndiyo maana zulia lenye maua yaliyopindapinda huonekana kwake limejaa nyaya, na katikati ya zulia hubaki duara la vumbi lisiloguswa. Fungua ripoti ya kazi kwenye simu. Modeli nyingi huweka alama, nyingine na picha, pale zilipokwepa. Ichague alama hiyo na useme si kizuizi. Kama modeli yako haina uwezo huo, punguza ukali wa ukwepaji kwa chumba hicho, kisha mara ya kwanza uwepo utazame.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: waya mwembamba mweusi kwenye sakafu ya giza, ambao hauonekani kabisa, unaingia kwenye brashi na kuvuta taa ya mezani. Kamera haiondoi kazi ya kuokota. Inaipunguza. Na kwa mwenye mnyama ndani ya nyumba, hakuna ukwepaji unaopaswa kuaminiwa asilimia mia. Kagua sakafu kwanza, maana brashi inayozunguka ikishapita juu ya kinyesi hukisambaza chumba hadi chumba.

Halafu kuna asubuhi ambayo roboti imebadilika. Jana ilipita chini ya meza, leo haipiti. Imeanza na chumba kingine. Hapo ndipo mtu husema imebadili mawazo, na kwa namna fulani ni kweli: sasisho lililoingia usiku limeleta kizingiti kipya au mpango mpya wa njia. Kama modeli inaruhusu, zima masasisho ya kujiendesha, hifadhi nakala ya ramani, soma maelezo ya sasisho, kisha ulikubali siku ambayo una muda wa kutazama. Masasisho ya usalama usiyaache muda mrefu, kwa sababu inayofuata.

Hatamu. Kamera, maikrofoni, spika na intaneti vikikaa pamoja, roboti inaweza kupata akili isiyo yake wala yako. Mwaka 2022, jarida la MIT Technology Review liliripoti kwamba picha zilizopigwa ndani ya nyumba na roboti za majaribio, pamoja na ya mwanamke akiwa chooni, zilikuwa zimepita kwa wafanyakazi wa kupachika majina ya vitu vinavyoonekana humo na kuishia kwenye mitandao ya kijamii. Zilikuwa roboti za kujaribia tu, si zilizouzwa dukani, lakini njia ambayo picha zilisafiri ndiyo inayofunza. Mwaka 2024, nchini Marekani, roboti za modeli moja zilidukuliwa na kuanza kuwatukana wenye nyumba kupitia spika. Waliosikia sauti hiyo ikitoka sakafuni wangesamehewa kuamini mashine imeamka. Ilikuwa sauti ya mtu.

Hatua za kujilinda ni chache na zinafaa kufanywa siku ya kwanza. Nywila ya akaunti iwe ndefu na isitumike kwingine. Washa uthibitisho wa hatua mbili kama upo. Iunganishe na mtandao wa wageni wa ruta, mbali na kompyuta na simu za nyumbani. Kataa kushiriki picha kwa ajili ya kuboresha bidhaa. Chora eneo la marufuku kwenye bafu na vyumba vya kulala kwa saa watu wanapovitumia. Na kama inasikiliza amri za sauti, ujue kwamba itajibu maneno yanayofanana na jina lake yakitoka kwenye televisheni. Zima sikio hilo kama hulihitaji.

Ikipata akili zake. Hii ndiyo mgombea mwenye nguvu. Ina macho, ina kumbukumbu, inatofautisha kiatu na bakuli, na baadhi hujibu zikiitwa. Hata hivyo, kutambua soksi ni jambo moja, kuichoka soksi ile ile kila jioni ni jingine, na hakuna sehemu ya programu yake inayobeba kuchoka. Kila kinachofanana na maudhi, ukikifuata hadi mwisho, unafika kwenye kizingiti, mwanga au sasisho.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba inayotapakaa vitu, wanyama au watoto, anayeweza kuacha taa zikiwaka, na aliye tayari kusimamia mipangilio yake kama anavyosimamia simu.

Na zile zenye mikono?

Zimeanza kutangazwa. Oktoba 2025, kampuni ya 1X ilifungua maagizo ya roboti ya nyumbani yenye umbo la mtu, NEO, na kusema wazi kwamba kwa kazi ambayo haijaijua, mfanyakazi wa kampuni anaweza kuiendesha kutoka mbali kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Kwa hiyo ukiiona ikifanya jambo la busara isiyotarajiwa, kuna uwezekano busara hiyo ina jina na zamu ya kazi. Kwa anayetaka sakafu safi leo, aina hii bado si ya kulinganishwa na zile tatu.

Matunzo, kwa zote

Safisha brashi kuu kila wiki, ukikata nywele kwenye ncha zake, sehemu ya bearingi, kwa sababu hapo ndipo mota hulemewa na roboti kusimama katikati ya kazi. Futa vihisi vya ukingo kwa kitambaa kikavu kila wiki mbili. Kichujio kipigwe vumbi kila wiki na kibadilishwe kila miezi michache. Cha kuoshwa kikauke saa ishirini na nne kabla ya kurudishwa. Betri za lithiamu huchoka taratibu, na dalili ya kwanza ni roboti kurudi kituoni mapema kuliko zamani. Watu huita uvivu. Ni betri.

Kwa hali yako

Kama unaishi ghorofani na ngazi ziko wazi, chagua yoyote, ila usizibe vihisi vya ukingo, na zulia jeusi lililo karibu na ngazi liondoe.

Kama sakafu yako ina mazulia meusi mengi na hakuna ngazi, ulizia modeli yenye mpangilio wa kuzima vihisi hivyo kwenye programu, kwani karatasi na selotepu huchafuka.

Kama una vioo virefu au milango ya vioo, ya kugonga haijali kabisa, ya leza inahitaji ukanda na mistari ya marufuku, na ya kamera itategemea kama ina leza pia.

Kama umeme unakatikakatika au intaneti si ya kutegemewa, ya kugonga itafanya kazi bila kukuuliza. Ya leza inafuata, mradi inaanza kwa kitufe bila seva.

Kama unataka kazi ifanyike usiku, ya leza. Ya kamera ya dari itapotea gizani.

Kama kuna mtoto anayeacha vitu kila mahali au mnyama asiyefundishwa, ya kamera, pamoja na ukaguzi wa haraka wa sakafu kabla ya kuiwasha.

Kama faragha ndiyo inayokunyima usingizi, anza na isiyo na intaneti. Ukihitaji ramani, chukua ya leza isiyo na kamera wala maikrofoni, na uiweke kwenye mtandao wa wageni.

Na kama tayari unayo moja na inakusumbua, ifanyie kwanza lile jaribio la mara tatu kwa tatu, safisha kigurudumu cha mbele, angalia saa za kimya na tarehe ya sasisho la mwisho. Kituko kikibaki baada ya hayo manne, andika kinatokea wapi na saa ngapi, upeleke maelezo hayo kwa fundi pamoja na roboti.